Maikrofoni ndogo za masikioni: Ya kuzingatia kabla ya kununua

MTU anayerekodi ngoma, harusi au masimulizi ya mzee kwa simu ya mkononi hurudi nyumbani na maneno pamoja na mapigo, lakini mara nyingi mahali penyewe huwa pamepotea. Haijulikani tena nani alikaa kulia, mpiga zumari alipita upande gani, wala ukumbi ulikuwa na ukubwa gani.

Upungufu huo huzibwa na maikrofoni pacha zisizozidi kifungo cha shati, ambazo mrekodi huzivaa masikioni au kando ya masikio na kuziunganisha na kinasa sauti kilichomo mfukoni. Kurekodi kwa namna hiyo huitwa kurekodi kwa masikio mawili, au bainora.

Msingi wake ni jinsi binadamu anavyosikia. Sauti inayotoka kulia hutangulia kufika katika sikio la kulia, kisha hufika la kushoto baada ya muda usiozidi sana sehemu 7 za elfu kumi za sekunde. Aidha, kichwa huzuia sehemu ya sauti nyembamba, hivyo sikio la mbali huipata ikiwa hafifu. Ubongo hulinganisha tofauti hizo mbili na kutambua upande, jambo ambalo mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilifafanua mwaka 1907.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1881, Mfaransa Clément Ader aliwawezesha wageni wa maonyesho ya umeme mjini Paris kusikiliza opera kwa vipokeo viwili vya simu, kimoja kila sikio. Baadaye viwanda vilitengeneza vichwa vya bandia vyenye maikrofoni ndani ya masikio. Kichwa aina ya KU 100 cha kampuni ya Neumann ya Ujerumani, kilichotoka mwaka 1992, kina uzito wa kilo 3.5 na bei yake si ya mtu wa kawaida. Maikrofoni ndogo humwondolea mnunuzi gharama hiyo kwa kuwa kichwa tayari anacho.

Hata hivyo, ifahamike mapema kwamba rekodi ya aina hii imekusudiwa kusikilizwa kwa hedifoni. Ikipigwa katika spika za sebuleni, sauti ya kila spika hufika katika masikio yote mawili na ramani ya mahali huvurugika. Anayetaka rekodi ya kupigwa ukumbini au redioni pekee angefanya vyema kutafuta maikrofoni za stereo za kawaida.

Swali la kwanza kwa mnunuzi si bei wala jina la kampuni, bali ni kitu gani kitarekodiwa.

Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani, ule wa “shhh” unaosikika pale penye kimya. Mvumo huo hupimwa kwa desibeli, na kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo inavyofaa zaidi. Chumba tulivu usiku huwa na kiasi cha desibeli 25 hadi 30, na mazungumzo ya kawaida katika umbali wa mita moja ni takriban 60. Kwa hiyo maikrofoni yenye mvumo wa desibeli 30 na ushei itatosha kwa mahojiano ya karibu, lakini itafunika ndege wa alfajiri, maji ya mkondo, au mnong’ono wa mgonjwa anayesimulia akiwa kitandani.

Hapa udogo wenyewe una gharama. Maikrofoni mashuhuri ya DPA 4060 ya Denmark ina kipenyo cha milimita 5.4 na mvumo wa desibeli 23. Kichwa cha maikrofoni cha EM272, kinachotengenezwa na kampuni ya Primo ya Japani, kina kipenyo cha milimita 10 na mvumo wa takriban desibeli 14, ilhali bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya DPA. Tofauti hiyo ya desibeli 9, kwa kipimo cha nishati, ni kama mara nane. Ndiyo sababu warekodi wengi wa sauti za misituni hupendelea kile cha bei nafuu, ingawa hakiingii vizuri ndani ya sikio na hulazimika kufungwa kwenye miwani au kofia.

Kwa upande mwingine, mambo hugeuka penye kelele. Karibu na ngoma kubwa au spika za muziki wa dansi, sauti inaweza kuvuka desibeli 110. Maikrofoni nyeti inayolishwa umeme mdogo huzidiwa, na sauti hupasuka. Kazi ya namna hiyo huhitaji aina isiyo nyeti sana, kama DPA 4061, au kijisanduku cha betri ya volti 9 kinachoipa maikrofoni nguvu zaidi ya ile itokayo kwenye kinasa sauti.

Baadhi ya wauzaji hudai kwamba vinasa sauti vipya vya biti 32, mathalani Zoom H1essential, vimemaliza tatizo la kupasuka. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kinasa sauti hicho kinaweza kupokea mawimbi makubwa sana bila kuyakata, lakini kama maikrofoni yenyewe imeshazidiwa, kinachohifadhiwa kwa uaminifu ni sauti iliyokwisha haribika. Ngoma ya jando au ya harusi haipigwi mara ya pili kwa ajili ya mrekodi.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni plagi. Maikrofoni hizi nyingi hutumia plagi ya milimita 3.5 yenye pete mbili nyeusi na hutegemea umeme wa volti 2 hadi 5 utokao katika tundu la maikrofoni la kinasa sauti. Tundu la simu ya mkononi, kwa simu ambazo bado zinalo, hupokea maikrofoni moja tu. Pacha zikichomekwa hapo, masikio mawili hugeuka kuwa moja au husikika kimya kitupu. Kwa simu huhitajika kifaa cha nje cha USB chenye njia mbili za maikrofoni. Umeme wa volti 48 wa mitambo ya studio nao usiunganishwe moja kwa moja bila adapta maalumu, kwani unaweza kuua maikrofoni papo hapo.

Kabla ya kulipa, yafaa kufanya majaribio dukani. Maikrofoni zote mbili zishikwe pamoja mbele ya mdomo na sauti irekodiwe. Kwa hedifoni, sauti inatakiwa kusikika katikati ya kichwa. Ikivutia upande mmoja, pacha hazilingani. Ikisikika tupu, isiyo na besi na isiyo na mahali, waya za maikrofoni moja zimegeuzwa. Kisha zifungwe ndani ya blanketi na kinasa sauti kiongezwe hadi mwisho ili mvumo ulinganishwe na wa jozi nyingine. Muuzaji asiyetaja tarakimu ya mvumo popote, nao ni wengi, ana sababu zake.

Uvaaji nao una mambo yake. Mtandio au kanga ikigusa maikrofoni hutoa mkwaruzo usioondoleka, na upepo wa pwani hudai kifuniko cha manyoya hata kama kinachekesha. Mvaaji akigeuza kichwa, dunia nzima ya msikilizaji huzunguka. Akimeza mate, husikika. Akisema “ehee” kumtia moyo msimulizi, yeye ndiye atakayesikika kwa nguvu kuliko wote, hivyo ni bora aitikie kwa macho. Vilevile, kwa kuwa maumbile ya masikio hutofautiana, baadhi ya wasikilizaji watahisi kwamba sauti ya mbele inatoka nyuma.

Marekebisho ya sauti ya kiotomatiki yazimwe, na kilele cha sauti kiachwe karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, saa moja ya stereo huchukua takriban gigabaiti 1.

Kinachobaki ni idhini. Anayevaa maikrofoni masikioni huonekana kama anayesikiliza muziki, na watu huzungumza mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya kamera. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye shughuli aelezwe na aonyeshwe vifaa kabla havijawashwa, na kibali chake kirekodiwe mwanzoni mwa faili, kwa sauti yake mwenyewe.