Fundi na mwenye parsele

Mtu akinijia kuniambia ana pesa za kujenga nyumba za kupangisha hapa Bujumbura, namuuliza kwanza fundi wake ni nani. Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi. Nimerithi parsele (kiwanja) ya bibi yangu, na vyumba ninavyopangisha leo vimejengwa na wajukuu wa mafundi waliomjengea yeye.

Wabelgiji, walioutwaa Usumbura (jina la zamani la Bujumbura) kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliupanga mji kwa rangi. Wazungu walikuwa na mitaa yao, wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu kwarti ya Kiasia, na Waafrika wakawekwa Buyenzi kwa Waswahili na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Mwafrika alipewa mahali pa kukaa, si hati kama ya Mzungu. Nani basi angefukia mali yake yote katika ardhi ya namna hiyo? Watu wakajenga kwa matofali mabichi. Lakini mji ulikuwa unajaa vibarua, maboi na makarani, na kila mmoja alitaka chumba.

Bibi aliiona riziki hapo, kama wanawake wengi wa Buyenzi. Hawakuwa wanawake wa kutishwa: miaka ya 1950, serikali ilipowatoza ushuru wanawake wanaoishi bila waume, wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi waliupinga waziwazi. Yeye alianza na nyumba ya mbele, kisha anekse nyuma, chumba baada ya chumba kuuzunguka ua. Vifaa alinunua mwenyewe. Fundi alileta ujuzi wake na wayede wa kubeba udongo. Sehemu ya malipo ilingoja mpangaji aingie, na kodi ya miezi ya mwanzo ilikwenda kwa fundi. Kwa hiyo ukuta ukipasuka au paa likivuja, hasara ilikuwa ya wote wawili.

Miaka hiyohiyo Ofisi ya Miji ya Waafrika ilijenga Ngagara, ambayo wengi bado tunaiita OCAF. Babu yangu alishika mwiko kule, akajifunza kusoma ramani na kupima mchanganyiko wa saruji. Naiheshimu kazi ile, kwani kuta zake zingali zimesimama. Ila fundi alilipwa mshahara akaondoka, bila kujua nani angelala ndani. Baada ya uhuru, mashirika ya umma ya nyumba, SIP na ECOSAT, yaliendelea na njia hiyo ya mpango na ramani, huku Buyenzi ikiendelea na yake.

Vita vilivyoanza 1993 vilituonyesha ni njia ipi ingedumu. Mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa mji, ulipobaki bila watu mwaka 1995, mabati, milango na madirisha viling'olewa. Waliporudi, watu wengi hawakuwa na benki ya kuwakopesha. Walikuwa na tasheroni, fundi anayepatana kazi kwa kipande: msingi leo, kuta pesa ikipatikana, paa mwakani. Hivyo ndivyo mitaa mingi ya kaskazini ilivyoinuka tena.

Halafu mwaka 2004 ikaja ONUB, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, na wageni wanaolipa kwa dola. Katika mitaa ya Kinindo na Kibenga majumba yakaota mbiombio, wenye pesa wakiajiri yeyote mwenye vijana wa kutosha. Machafuko ya 2015 yaliwaondoa wapangaji wengi wa aina hiyo. Ziwa Tanganyika nalo likapanda, likaingia Kibenga, katika nyumba zilizosogea mno ufukweni, ingawa sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani.

Nilipoletewa parsele ya huko Kibenga kwa bei nzuri, nilikwenda na fundi wangu, mjukuu wa yule wa bibi. Alichimba kidogo, akaona maji, akaniambia, "Dada, mimi hapa simwagi zege." Angeweza kuchukua kazi ile na malipo yake. Lakini tumepatana kama bibi yangu alivyopatana na babu wa fundi huyu: sehemu ya malipo yake hutoka katika kodi. Tukarudi Buyenzi, tukapiga hesabu ya anekse mbili.