Idhini ya Vita

Hapa Chimwaga, karibu na ukumbi ambamo CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, mwanafunzi wa sheria alinifungulia nakala ya Katiba iliyokwisha kuliwa pembe, akaweka kidole kwenye ibara ya 44. "Mwalimu, hapa wameandika uwezo wa kutangaza vita. Ni uwezo au mamlaka?"

Swali zuri sana. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Uwezo ule ulikuwa nguvu: askari, silaha na umma ulio tayari. Uwezo wa ibara ya 44 ni haki ya kisheria ya kutamka neno, hata ghala la silaha likiwa tupu. Ndiyo maana mimi huandika "mamlaka ya kutangaza vita".

Na Bunge je? Rais akishatangaza, hupeleka nakala kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge huitishwa kufikiria azimio la kuunga mkono tangazo hilo. Wengi wetu husema Bunge "linaidhinisha" vita. Siyo. Idhini ni kama hodi, hupigwa mlangoni. Hapa mgeni ameshaketi. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Uganda hudai theluthi mbili ya wabunge wote, na dharura ikimlazimu Rais kutangulia, ana saa 72 za kuitafuta idhini hiyo. Katiba yetu yenyewe inalo neno zito: mikataba, kwa ibara ya 63, Bunge "huridhia". Kwamba mkataba huridhiwa na vita huungwa mkono tu, hilo linanisumbua.

Kijana akapigia mstari neno "kutangaza", nikaona lilipo tatizo kubwa zaidi. Machi 2008 wanajeshi wetu walikwenda Anjouan, Komoro. Mwaka 2013 walikwenda mashariki mwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, na baadhi yao wakarudishwa wakiwa kwenye majeneza. Kote huko hatukutangaza vita na nchi yoyote, kwa hiyo ibara ya 44 haikuguswa. Istilahi tunayoihitaji ni "mamlaka ya kutumia jeshi", na swali la kuambatana nayo ni nani hupigiwa hodi kabla askari hawajapanda ndege.