Kidonge cha presha kilichotoka kwa nyoka

Mei 17 ni Siku ya Presha Duniani. Huku Eastlands, Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, presha haingoji siku yake. Dawa mojawapo inayoandikiwa wenye presha, na wale ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, ni enalaprili, na asili yake ni sumu ya nyoka.

Nyoka jararaca wa Brazili akimuuma mtu, presha huporomoka. Mwaka 1965 mtafiti Mbrazili Sérgio Ferreira alitangaza kwamba sumu hiyo ina kitu kinachoipa nguvu bradikinini, kemikali ya mwilini inayolegeza mishipa. Akaipeleka London kwa mtafiti John Vane, naye akaishawishi kampuni ya Squibb, Marekani, itafute dawa humo. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, kaptoprili, ikaidhinishwa 1981; enalaprili ikafuata 1985.

Hapa kwetu, wakati huo, wengi walikuwa wangali wanaamini presha ni ugonjwa wa Wazungu. Imani hiyo ilikuwa na mizizi. Mwaka 1929 Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni aliyehudumu Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika The Lancet kwamba amepima Waafrika 1,000 na hakuona presha ikipanda kwa umri kama kwao Ulaya. Huenda alipima sawasawa. Ila hakuwafuata watu hao wakipanda gari kuja mjini.

Baadaye mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuata wahamiaji kama hao. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1990, yalihusu Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani. Presha yao ilianza kupanda miezi michache tu baada ya kufika. Mkojo ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu imepungua. Si damu ya ukoo, ni maisha ya hapa! Nikiusoma utafiti huo naiona Kaloleni, mtaa waliofikia Waluo wengi, na nakasirika kwamba tuliambiwa mapema hivyo ilhali mgonjwa bado anatoka zahanati na karatasi tu, akajinunulie vidonge vya siku tatu.

Na hata akivipata vidonge, kuna kikohozi. Bradikinini ileile ya Ferreira, ikirundikana kwa sababu ya kidonge, huwasha koo, na baadhi ya wanaomeza enalaprili hukohoa kikavu usiku kucha. Katika nyumba ya chumba kimoja, kikohozi kinasomwa kuwa kifua kikuu, na kidonge kinaachwa kimyakimya. Losartani, dawa nyingine ya presha, kwa kawaida haileti kikohozi hicho. Daktari anaweza kubadilisha dawa siku hiyohiyo, mradi mgonjwa aliambiwa mapema kwamba akikohoa arudi.