Starehe Kama Ushahidi wa Historia: Leso, Beni na Baraza katika Miji ya Pwani, 1890–1950

1. Utangulizi

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kama historia ya wenye mamlaka. Msomaji hukutana na Wareno na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Hukutana na Wamazrui na Mabusaidi, na misafara ya pembe, na mashamba ya karafuu, na hatimaye na mikataba ya wakoloni. Mtu wa kawaida aonekanapo katika kurasa hizo, aghalabu huonekana yumo kazini: anabeba, analima, anapakua shehena jahazini. Ni nadra kuonekana akipumzika. Na iwapo starehe zake zatajwa, hutajwa katika sura ya mwisho, ile ya "mila na desturi", kana kwamba ngoma, nguo na kahawa ni mapambo yaliyobandikwa juu ya historia iliyokwisha kukamilika.

Si waandishi wote waliofuata njia hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo, aliyeandika maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliziweka ngoma na michezo bega kwa bega na ndoa, ibada na sheria. Kwake yeye hayo yote yalikuwa maisha ya mji, wala hakuona haja ya kuyatenga.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa watu waliotoka utumwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, starehe ilikuwa miongoni mwa nyanja za kwanza ambamo waliweza kujiamulia mambo yao wenyewe. Sheria iliwapa uhuru; haikuwapa uungwana. Uungwana waliutafuta penginepo: katika mavazi, katika ngoma, katika nyimbo na katika mazungumzo ya jioni. Mifano itatolewa hasa kutoka Mombasa, Lamu na Unguja.

2. Ushahidi wa maneno

Kabla ya kuitazama mifano hiyo, yafaa kuyapima maneno yenyewe. "Starehe" na "raha" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika. "Burudani" ni ndugu wa "baridi": aliyeburudika ni aliyepoa baada ya jua na kazi. "Anasa", neno ambalo siku hizi hudokeza ubadhirifu, lina asili inayohusu kuzoeana na kuliwazana. Katika mzizi wake hamna anasa ya mtu peke yake. Na "ngoma", neno la Kibantu, hubeba kwa pamoja chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa na mkutano wa watu waliokuja kucheza. Maneno haya yote yanadhania kitu kimoja: kwamba kuna kazi iliyotangulia, na kwamba kuna wenzi.

Upande wa pili wa mizani lipo neno "kibarua", yaani barua ndogo. Hiyo ilikuwa karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuhesabia siku zake, na jina la karatasi likageuka kuwa jina la mtu. Anayeitwa kwa jina la karatasi yake ana sababu ya kutafuta mahali pengine pa kuitwa kwa jina jingine.

Neno lililo muhimu kuliko yote katika hoja hii ni "mwungwana". Maana yake ya kwanza ni mtu asiye mtumwa. Maana yake ya pili ni mtu mwenye adabu, mwenye kujua kuvaa, kusema na kukaa na watu. Sheria yaweza kumwingiza mtu katika maana ya kwanza kwa siku moja. Maana ya pili haitolewi na hakimu. Huhitaji mashahidi, na mashahidi hao hupatikana harusini, ngomani na barazani.

3. Uhuru wa karatasi na uungwana wa leso

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Namna ya kufutwa kwake ni jambo la kukumbukwa. Waliofidiwa ni mabwana, si watumwa. Unguja ilimpasa mtumwa mwenyewe kwenda mahakamani kuuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Mtu alitoka mahakamani akiwa huru, lakini jina la nasaba, heshima ya mtaa na kiwanja cha kujengea vilibaki mikononi mwa wale wale waliokuwa navyo tangu hapo.

Katika enzi ya utumwa nguo ilikuwa alama iliyosomeka kwa mbali. Mjakazi alijifunga kipande cha merikani, ile pamba nzito isiyopauka iliyopewa jina la nchi ilikotoka, au kaniki iliyotiwa nili. Na aghalabu alitembea pekupeku, kichwa wazi. Leso ilikuja wakati huo huo ambapo alama hizo zilianza kulegea. Neno lenyewe ni la Kireno na maana yake ni kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaviunga sita kuwa nguo moja, vitatu juu na vitatu chini. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza Ulaya nguo iliyokwisha kuchapwa kwa mtindo huo, yenye pindo, mji na, baadaye, jina. Unguja iliitwa kanga. Mombasa jina la leso limedumu.

Jambo la kuzingatiwa ni nani aliyeamua. Viwanda vilikuwa Ulaya, na baadaye India na Japani. Maduka yalikuwa ya wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, kama duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Lakini nguo ambayo wanawake hawakuipenda ilibaki rafuni. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wafanyabiashara walivyolazimika kufuatilia ladha ya wanawake, ladha iliyobadilika haraka kuliko meli zilivyoweza kuleta shehena. Mwanamke ambaye jana alivishwa na bwana wake, leo aliwafanya matajiri wangoje uamuzi wake. Kwa hivyo lengo dogo la kuweka akiba ya vibarua ili kununua doti moja kabla ya Idi halikuwa dogo kwa maana yake. Na jina lililoandikwa penye leso lilimpa mvaaji uwezo wa kumjibu mume, mawifi au jirani bila kufumbua kinywa, na bila ya kuweza kushtakiwa kwamba amesema.

4. Beni na lelemama: vyeo vya kujipa

Ikiwa leso ilimpa mtu sura mpya, ngoma ilimpa cheo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameifuata historia ya beni kutoka miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 hadi ndani kabisa ya bara. Jina lilitokana na bendi za kijeshi za Kiingereza. Wachezaji walivaa sare, wakaandamana kwa mbiu na ngoma kubwa, wakagawana vyeo vya mfalme, jenerali na daktari. Mombasa na Lamu yalisikika majina ya Kingi na Sikochi. Wakati wa Vita Kuu vya 1914–1918 askari na wapagazi waliichukua beni walikokwenda, na Tanganyika ikagawanyika katika Marini na Arinoti. Neno "Kariakoo", ambalo ni jina la mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao; beni nayo ni kumbukumbu yao, ila haikupewa mtaa.

Wako waliosema kwamba beni ni kasumba tupu, yaani mtawaliwa kumwiga mtawala. Hoja hiyo haina budi kujibiwa. Kwanza, mashindano ya mitaa yalikuwako kabla ya Mwingereza. Miji ya pwani ilikuwa na desturi ya kugawanyika nusu kwa nusu, kama Mkomani na Langoni kule Lamu, na kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Beni iliivika desturi hiyo nguo mpya. Pili, aliyevaa sare ya jenerali alijua vizuri kwamba kesho yake angebeba magunia bandarini. Hakudanganyika, alichagua kwa siku moja kuupanga ulimwengu kwa mpango mwingine, na wenziwe wakashuhudia. Tatu, vyama vya beni vilisaidia wagonjwa na kuzika wafu, na vilikuwa na matawi katika miji iliyo mbali mbali. Baadhi ya maofisa wa kikoloni waliingiwa na hofu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu haogopi mchezo ambao hauna maana.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama. Margaret Strobel ameeleza jinsi vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na mapishi, na jinsi vilivyowakutanisha, kwa kiasi fulani, wanawake wa nasaba mbali mbali, waungwana na waliozaliwa na watumwa. Humo mwanamke aliweza kupanda cheo, kusimamia fedha na kuongoza wenziwe. Ujuzi huo haukupotea. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake waliopitia vyama hivyo waliingia katika vyama vya elimu na maendeleo. Katika masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Strobel, wamo Bi Kaje wa Mwenye Matano, wa nasaba ya kiungwana, na Mishi wa Abdala, aliyetokana na watu waliokuwa watumwa. Nasaba zao ni mbali mbali, lakini maisha yote mawili hayaelezeki bila harusi na ngoma.

5. Kutoka Mtumwa hadi Siti

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Mamaye alikuwa mfinyanzi, naye akauza vyungu. Alihamia mjini yapata mwaka 1911, akajifunza kuimba, na akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya kasri na ya watu wateule. Sultani Barghash, aliyetawala 1870–1888, alikuwa amempeleka mtu Misri kujifunza muziki huo, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu. Siti binti Saad na wenziwe waliiimba kwa Kiswahili, na nyimbo zao zikazungumzia mambo ya Ng'ambo: mapenzi, riba, wizi, na mahakama zisizotenda haki, kama katika wimbo maarufu wa Kijiti. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Tangu hapo sauti ya mtu aliyeitwa Mtumwa ilisikika mikahawani na majumbani katika miji mingi ya pwani, ikitumia lugha ya wasikilizaji wenyewe. Hapana sheria iliyombadilishia jina. Lilibadilishwa na wasikilizaji.

6. Baraza, kahawa na bao

Starehe nyingine hazikuwa na sare wala sahani. Jioni wanaume walikaa barazani, muuza kahawa akipita na dele lake huku akiligongesha pamoja vikombe vyake vidogo. Palikuwapo kashata, habari za bandarini na mashairi ya kujibizana. Tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, shairi la Mombasa lilikuwa limekwisha kutoka msikitini kwenda sokoni, na baraza ndiyo iliyokuwa shule yake.

Hapo lilichezwa bao, mashimo 32 na kete 64. Mchezo huu una msamiati wake kamili, kama vile kunamua, kutakata na mtaji, na mchezaji hodari alijulikana mji mzima, awe tajiri au mchukuzi. Bao halimpendelei mtu kwa nasaba yake. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba baraza ya nje ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na uwa, na mazungumzo ya uani hayakupata waandishi wengi.

Utawala wa kikoloni uliliazima neno hilo, na nchini Kenya "baraza" likawa pia mkutano ambao chifu huwaita watu kuja kusikiliza amri. Mahali pa kuzungumza pakawa mahali pa kusemeshwa. Kamusi huandika maana zote mbili. Safari iliyo baina yake ni historia.

7. Mipaka ya hoja

Isidhaniwe kwamba starehe ilitibu kila jeraha. Mashindano ya ngoma yaliwatia watu madeni, na wapo masheikh na wazee walioyalaumu kwa sababu hiyo. Lakini hata dini haikuwa upande mmoja. Lamu, Habib Saleh, ambaye msikiti wake wa Riyadha ulijengwa yapata mwaka 1900, aliwakaribisha wanyonge katika maulidi yenye dufu, ingawa baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga. Naye aliona kwamba furaha yaweza kuwa mlango.

Na kuna jambo ambalo starehe haikulitoa kabisa, nalo ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 iliwanufaisha waliokuwa na madai ya nasaba na karatasi. Waliotoka utumwani wengi wakabaki maskwota. Kwa hivyo mwanahistoria asiitumie ngoma kuficha njaa. Aitumie kuonyesha kwamba wenye njaa hawakuwa na njaa tu.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba leso, beni, lelemama, taarabu na baraza zilikuwa njia za kudai ile maana ya pili ya uungwana, ambayo sheria haikuweza kuitoa. Wajibu wa wanaisimu katika jambo hili ni mkubwa, kwa kuwa ushahidi mwingi umo katika lugha. Mara nyingi kamusi hutosheka kueleza kwamba neno fulani ni "aina ya ngoma" au "aina ya nguo", na kuishia hapo. Ilichezwa na nani, katika mtaa gani, dhidi ya nani, na aliyeshinda aliitwaje? Wanaoweza kujibu maswali hayo kwa kumbukumbu zao wenyewe wamebaki wachache sana, na wengi wao ni bibi wazee ambao hawajaulizwa. Waulizwe, na majibu yao yaandikwe kwa maneno yao.