Bibi Titi na Kizingiti cha Kura: Kumbukumbu Ikitazamwa Kutoka Nanyala

Mwaka 1958 hapakuwa na kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichomnyima mwanamke wa Nanyala, huku Mbozi, kura kwa sababu tu ni mwanamke. Vizingiti vilikuwa vingine. Ili aandikishwe, mtu wa Tanganyika alitakiwa awe ametimiza miaka 21, kisha awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 3,000, au awe amefika darasa la nane, au ashike wadhifa uliotambuliwa. Sasa tupige hesabu ya Unyiha, eneo la Wanyiha huku Mbozi, ya miaka ile. Shule za wasichana zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kahawa ya Mbozi ilipoleta fedha, kwa kawaida zilihesabiwa kuwa za mwenye shamba, naye alikuwa baba. Sheria haikumtaja mwanamke, na bado ilimwacha nje.

Waingereza walikuwa na uzoefu wa kizingiti cha namna hiyo. Kwao, mwaka 1918, waliwapa kura wanawake waliofikisha miaka 30 wenye mali au walioolewa na wenye mali; usawa na wanaume ulikuja 1928. Zanzibar ilikuwa wazi zaidi kwa ubaguzi: uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao.

Aliyewaingiza wanawake wa Tanganyika katika siasa hizi hakuwa msomi. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na aliishia darasa la nne. Kwa kigezo cha elimu peke yake, daftari la wapiga kura la 1958 lisingemfungukia. Alijulikana mjini kwa sauti yake katika ngoma za akina mama. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, aliuliza wanawake wako wapi. Viongozi hawakuwa na jibu la kuridhisha. Schneider Plantan akaenda kuzungumza na Boi Selemani, mume wa Titi, ili mkewe aruhusiwe kuongoza wanawake.

Alichofanya Titi baada ya hapo ndicho kinachonivutia kuliko vyeo vyote vilivyofuata. Hakuanza na wake za makarani. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe, wanawake waliokwisha kuwa na viongozi wao, michango yao na namna yao ya kuitana. Mtandao ulikuwepo, yeye aliupa kadi. Inasimuliwa kuwa katika miezi michache tu aliandikisha wanawake wapatao 5,000. Wasomi wa chama, nadhani, wasingeweza kuifanya kazi hiyo hata wangepewa miaka.

Nyanda za Juu Kusini, jimbo ambalo Mbozi ilikuwa ndani yake, lilipata mwakilishi mwanamke katika uchaguzi huo wa 1958: Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, aliyeungwa mkono na TANU. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura akitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU ilikubali kuingia humo kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, na Zuberi Mtemvu akajitoa kwa hasira. Kwa hiyo jina la mwanamke lingeweza kuwa kwenye karatasi ya kura ambayo wanawake wengi wa hapa hawakuruhusiwa kuishika. Mwaka 1960 kipato kilishushwa hadi pauni 75, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha. Watu wazima wote walikuja kupiga kura Novemba 1962, Nyerere aliposhindana na Mtemvu kugombea urais.

Mwaka huohuo Titi akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Alikuwa pia mbunge na waziri mdogo, lakini mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji walimwangusha. Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Titi alikuwa nazo, akakataa kuziachia, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU. Miaka tisa kabla yake, kukosa kipato kulimzuia mwanamke kupiga kura; sasa kipato kilimtoa mwanamke katika uongozi. Nayaelewa malengo ya Azimio, ila sioni kuwa lilipima tofauti kati ya bepari na mwanamke aliyejijengea tegemeo lake.

Oktoba 1969 alikamatwa. Katika kesi ya uhaini alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamsamehe. Alikaa pembeni kwa miaka mingi, hadi sherehe za miaka 30 ya uhuru mwaka 1991 zilipomtaja tena miongoni mwa mashujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, wiki moja baada ya uchaguzi mkuu, wa kwanza tangu Katiba irekebishwe ili viti maalum vya wanawake visipungue asilimia 20.