Seli Zinazolinda Mapafu: Historia ya Ugunduzi Tangu Messina Hadi Kilifi

Kila pumzi huingiza mapafuni, pamoja na hewa, vumbi na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na sababu ya watu wengi kutougua kila siku ni kwamba njia ya hewa ina ulinzi wa ngazi kadhaa. Kuanzia puani hutanda kamasi inayonasa uchafu, na vinyweleo vidogo sana huisukuma kamasi hiyo kuelekea kooni ili ikoholewe au imezwe. Chini kabisa, katika vifuko vya hewa ambamo oksijeni huingia kwenye damu, hukaa seli kubwa ziitwazo makrofaji, ambazo huwameza bakteria waliopenya na kuwameng'enya. Ujuzi huu ulipatikana kwa mabishano ya miaka mingi, na manufaa yake makubwa yamewafikia watoto wa Afrika Mashariki katika karne hii tu.

Hadi miaka ya 1880, wataalamu waliowaona bakteria ndani ya seli nyeupe za damu walidhani kwamba seli hizo huwabeba na kuueneza ugonjwa mwilini. Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, mwanazuolojia Ilya Metchnikoff alimchoma kiluwiluwi wa kiti cha pweza kwa miiba midogo, na kesho yake akakuta seli zinazotembea zimeizingira miiba hiyo. Alihitimisha kwamba seli hizo, zilizokuja kuitwa fagosaiti, yaani seli zinazokula, ni askari wa mwili na wala si wachukuzi wa maradhi.

Hoja yake ilipingwa vikali, hasa Ujerumani, ambako mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, ikitoka kwa mnyama aliyekwisha kukingwa, huweza kuizima sumu ya pepopunda. Ndipo wanasayansi wakagawanyika, hawa wakiitetea seli na wale wakiitetea seramu, mpaka mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, wa hospitali ya St Mary's jijini London, walipothibitisha kwamba vitu vilivyomo katika seramu hujibandika juu ya bakteria na kuwafanya waliwe kwa wepesi na seli nyeupe. Kambi zote mbili, kumbe, zilikuwa na sehemu ya ukweli, na mwaka 1908 Metchnikoff na Paul Ehrlich, mtetezi mkubwa wa seramu, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Umuhimu wa ushirikiano huo wa seli na seramu hudhihirika zaidi katika nimonia inayoletwa na pneumokokasi, bakteria aliyetambuliwa mwaka 1881 na Louis Pasteur nchini Ufaransa na George Sternberg nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Bakteria huyu hujifunika kwa utando unaoteleza, na mwaka 1923 Michael Heidelberger na Oswald Avery, jijini New York, walieleza kwamba utando huo ni wa sukari. Makrofaji hushindwa kumshika vizuri mpaka kingamwili, ambazo ni protini za seramu, zimtie alama. Ulinzi wa kwanza ukizidiwa, makrofaji hutoa kemikali zinazoziita kutoka kwenye damu seli nyingine ziitwazo nyutrofili, ambazo huwameza bakteria na, kama watafiti wa Berlin walivyoonyesha mwaka 2004, huweza pia kuwatupia nyavu zilizofumwa kwa DNA ya nyutrofili zenyewe. Hata hivyo, nyutrofili zikifurika kupita kiasi, usaha na majimaji hujaza vifuko vya hewa, na mgonjwa hukosa pumzi.

Jaribio la kuisaidia kazi ya seli hizi kwa chanjo lilianza mwaka 1911, Wright alipowachanja wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, ambao wengi wao walikuwa wakifa kwa nimonia. Matokeo yalikuwa hafifu, na mwenzake F. Spencer Lister akaja kuonyesha kwamba pneumokokasi ana aina nyingi, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Baadaye ilibainika kwamba mwili wa mtoto mchanga hautengenezi kingamwili za kutosha dhidi ya sukari ya utando wa bakteria peke yake, kwa hiyo wataalamu wakaiunganisha na protini. Chanjo ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikaingia Rwanda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2011. Kilifi, nchini Kenya, watafiti walikuta kwamba maambukizi makali ya aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto walio chini ya miaka 5.

Takwimu hiyo inaonyesha nguvu ya chanjo, ambayo haichukui nafasi ya seli za mwili, bali huzipa kingamwili zinazozihitaji ili zimtambue adui mapema. Kwa hiyo kila mzazi na ahakikishe mtoto wake anapata dozi zote kwa wakati, na mtoto anayepumua kwa kasi au kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kukawia.