Malezi ya Makatekista: Darasani na Mtandaoni
Tarehe 10 Mei 2021, kwa Barua Binafsi Antiquum Ministerium, Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha rasmi Huduma ya Katekista, akitaka wanaoitwa kuitumikia wapate malezi ya kufaa ya kibiblia, kitaalimungu, kichungaji na kiualimu. Malezi hayo leo twaweza kuyatoa kwa kuunganisha darasa na mtandao.

Kabla ya kuchagua programu, tuamue kila sehemu ya somo itolewe wapi. Usomaji, video fupi na maswali ya kujipima yenye majibu ya papo hapo vyafaa mtandaoni, kwani kila mmoja huenda kwa mwendo wake na kurudia alipokwama. Kufundisha mbele ya wenzake, kusahihishwa kwa upendo na kusali pamoja kubaki darasani. Siku chache za kukutana tusizimalize kwa kusomeana yale ambayo yangesomwa nyumbani.

Programu huria ya Moodle, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huwezesha masomo kupakuliwa kwenye simu na kusomwa bila intaneti. Hata hivyo, katekista wa kigangoni asiye na simu ya kisasa wala umeme tumwandalie nakala za karatasi na mwenzake wa kujifunza naye. Tukimwacha yeye, tumewaacha pia wakatekumeni wake.